Baada ya kupunguzwa matiti: mwongozo wa miaka inayofuata

Wengi wetu tuliopunguzwa matiti tulielekezwa vizuri kuhusu wiki 6 za mwanzo: usinyanyue ndoo, lala chali, vaa sidiria usiku na mchana, rudi kidonda kikaangaliwe. Baada ya hapo kliniki inakuaga. Maswali mazito huja baadaye, mwaka wa kwanza, wa tatu, wa kumi. Mbona kovu linawasha mpaka leo? Hiki kigumu nilichokigusa bafuni ni nini? Mtoto atanyonya? Mbona titi linaanza kurudi?

Mwongozo huu ni wa kipindi hicho, nami nauandika nikiwa mmoja wa waliopitia. Msimamo wangu ni kwamba titi lililopunguzwa bado ni titi. Linanenepa na kunywea, linaweza kutoa maziwa, linaweza kuugua. Hakuna kitu cha bandia kilichowekwa ndani, kwa hiyo hakuna cha kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Ila mpangilio wa nyama, mirija na mishipa umebadilika, na anayepaswa kuujua mpangilio huo kuliko wote ni wewe mwenyewe.

Hatua ya 1: Tafuta taarifa ya upasuaji wako

Usiridhike na karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini. Ile huwa na mistari michache na majina ya dawa. Unayoihitaji ni taarifa ya upasuaji wenyewe, anayoiandika daktari akishatoka chumba cha upasuaji. Nenda kitengo cha kumbukumbu ukiwa na namba ya faili na mwaka, uombe nakala. Kama ulifanyiwa India au kwingine nje ya nchi, andika barua pepe sasa, usingoje mpaka upate tatizo: mafaili hayatunzwi milele na madaktari wanahama. Ikifika, ipige picha, kisha itunze pia kwenye bahasha moja na vyeti vyako.

Ndani yake tafuta mambo manne. La kwanza ni umbo la mkato. Wengine wana duara kuzunguka chuchu na mstari mmoja wa kushuka. Wengine wana mstari wa tatu unaolala kwenye mkunjo wa chini ya titi, umbo kama nanga. La pili, na ndilo zito, ni jinsi chuchu ilivyohamishwa: ilibaki imeshikamana na kipande cha nyama kinachoiletea damu, na kama ndivyo, kipande hicho kiko upande gani, au ilitolewa kabisa ikapandikizwa juu kama ngozi. La tatu ni gramu zilizotolewa kila upande. La nne ni majibu ya maabara, kwa sababu nyama iliyotolewa hupelekwa kupimwa. Mara chache saratani iliyokuwa haijulikani hugunduliwa hapo. Kama hukuwahi kuambiwa majibu, usichukulie ukimya kuwa ni habari njema. Uliza.

Hatua ya 2: Lipe kovu muda, lakini usilitelekeze

Miezi 3 ya mwanzo kovu huwa gumu, limeinuka, limekolea rangi na linawasha. Hulainika polepole na kufikia hali yake ya kudumu kati ya miezi 12 na 18, kwa wengine hata miaka 2. Usilihukumu kovu lenye miezi 4 tu, wala usimruhusu mtu akuuzie dawa ya kulifuta wakati huo.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna jambo la ziada la kuangalia, nalo ni keloidi. Kuna kovu nene la kawaida, ambalo huinuka lakini hubaki ndani ya mipaka ya mkato, na mara nyingi hupungua lenyewe kadiri miezi inavyopita. Keloidi huvuka mipaka. Inatambaa kwenye ngozi ambayo haikukatwa, inawasha au kuuma, na haipungui yenyewe. Inaweza kuanza miezi mingi baada ya kidonda kupona, wakati umeshaacha kujiangalia. Chunguza hasa ncha mbili za mstari wa chini: ile ya ndani, karibu na mfupa wa kifua, na ile ya nje inayoelekea kwapani. Kwangu ni ncha ya ndani ya kushoto. Katikati ya joto la Februari ndiyo inayoniamsha usiku kwa mwasho.

Cha kufanya, kuanzia kidonda kikishafunga kabisa bila tone la majimaji:

Tumia silikoni. Kuna karatasi laini za kubandika na kuna jeli ya kupaka. Karatasi inapaswa kukaa saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi isiyopungua 3. Katika joto la pwani karatasi huleta vipele. Basi anza na saa chache, osha ngozi na karatasi kwa sabuni isiyo kali, kausha, rudia. Ikishindikana, jeli inatosha. Inauzwa kwenye maduka makubwa ya dawa na bei yake inauma kidogo. Lakini kama una pesa ya kitu kimoja tu kwa ajili ya kovu, nunua hiki.

Likande. Weka vidole viwili juu ya kovu, bonyeza mpaka ngozi isogee juu ya nyama iliyo chini yake, zungusha, sogea mbele. Dakika 5 hadi 10, mara 2 kwa siku. Mafuta ya nazi au mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanafaa, kwa sababu kazi yake ni kulainisha tu. Mafuta ya vitamini E yanasifiwa sana madukani, ila hayajathibitika kuwa na faida kwenye kovu, na baadhi ya watu yanawatoa vipele.

Keloidi ikianza, wahi kwa daktari wa ngozi au wa upasuaji rekebishi ikiwa bado ndogo. Tiba ya kwanza kwa kawaida ni sindano ya triamsinoloni ndani ya kovu lenyewe, hurudiwa kila baada ya wiki 4 hadi 6 kwa awamu kadhaa. Inauma, nisikudanganye, na inaweza kuifanya ngozi ya hapo iwe nyembamba au nyeupe kidogo. Usikubali keloidi ikatwe tu na kushonwa bila tiba nyingine ya kuambatana nayo. Ikikatwa peke yake hurudi mara nyingi, pengine kubwa kuliko mwanzo.

Na kuhusu mkorogo, niseme kwa sauti. Kovu jeusi linakera, najua, na pale sokoni kuna dada mwenye vikopo atakayekuahidi wiki 2. Krimu zile nyingi zina haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya. Kwenye ngozi iliyokatwa na kushonwa, inayobeba uzito wa titi siku nzima, dawa ya kuchubua inaidhoofisha ngozi unayoitegemea ikushikilie.

Neno moja kuhusu nyuzi. Nyuzi za ndani huyeyuka zenyewe, lakini moja inaweza kuchungulia miezi kadhaa baadaye kwa mfano wa kipele chenye ncha. Usiivute. Muuguzi ataikata kwa dakika moja.

Hatua ya 3: Jifunze kuishi na ganzi, au na kinyume chake

Hisia za chuchu na ngozi huendelea kurudi kwa mwaka mzima na zaidi. Wapo wanaozipata zote, wapo wanaobaki na sehemu za ganzi, na waliopandikizwa chuchu kwa kawaida hawarudishi hisia za zamani. Hali utakayokuwa nayo baada ya miezi 18 ndiyo unayoweza kuipangia maisha.

Ganzi ina hatari ya kimyakimya: moto. Ngozi isiyohisi huungua kabla hujajua. Pima maji ya kuoga kwa kiganja, usiweke chupa ya maji moto kifuani wakati wa hedhi, na mbele ya karai la mafuta ya kukaangia vaa kitu kinachofunika kifua. Hata wale wanaotaka kukukanda kwa maji ya moto baada ya kujifungua, waambie mapema.

Wengine mambo huwa kinyume: chuchu inakuwa kali mpaka kitambaa kinachoma. Izoeshe. Anza kwa kusugua taratibu na pamba, dakika chache mara kadhaa kwa siku. Baada ya siku kadhaa tumia khanga iliyozoeleka, kisha taulo. Maumivu ya kuungua au ya shoti yasiyoisha baada ya miezi mingi yana dawa zake za mishipa ya fahamu, na daktari anapaswa kukuandikia, si kukuambia uvumilie.

Chuchu iliyopandikizwa inaweza kupoteza rangi mabaka mabaka. Huo si ugonjwa wala si baranga. Ikikusumbua moyoni, kuna wataalamu wanaorudishia rangi kwa tatuu ya kitabibu.

Kwa mwenye mume au mwenzi: mwambie mahali panapohisi, pasipohisi na panapouma. Wanaume wengi huogopa kugusa wakidhani wataumiza, mke naye anadhani anachukiwa, na miaka inapita katika ukimya huo.

Hatua ya 4: Chora ramani ya matiti yako

Mwaka wa kwanza ukishapita na uvimbe wa upasuaji ukiisha, chukua karatasi, chora duara mbili. Simama mbele ya kioo, mikono chini, kisha juu, kisha kiunoni. Andika kila kilichopo: titi lipi kubwa zaidi (hayalingani kwa watu wote, na baada ya upasuaji pia hayalingani), wapi ngozi imejikunja, wapi kovu linavuta ndani. Kisha lala chali na ujipapase kwa vidole vitatu, titi zima mpaka kwapani. Kila sehemu ngumu iandike mahali pake kwa namba za uso wa saa: 12 juu, 6 chini. Andika hizo namba zilizochapwa kwenye saa ya ukutani, si saa tunazotaja kwa mdomo, ili daktari asisome juu pale ulipokusudia chini. Weka tarehe.

Kazi hii ina maana kwa sababu titi lililofanyiwa upasuaji limejaa vitu vinavyofanana na dalili za saratani. Vishimo, ngozi kuvutwa, vigumu. Kipande cha mafuta kilichokosa damu wakati wa upasuaji hufa na kugeuka donge gumu, wakati mwingine lisilouma, wakati mwingine gumu kama mfupa. Linaweza kuonekana baada ya miezi, au hata miaka. Lenyewe halidhuru wala haligeuki saratani. Lakini kwa kidole peke yake hakuna mtu, daktari bingwa akiwemo, anayeweza kulitofautisha kwa uhakika.

Kwa hiyo kanuni ni hii: kilichoandikwa kwenye ramani na kilichokwisha kuchunguzwa hospitali, kifuatilie. Kisichokuwepo, kipeleke hospitali ndani ya wiki chache. Vilevile chuchu inayotoa damu, chuchu iliyoanza kuingia ndani wakati haikuwa hivyo, ngozi iliyokuwa kama ganda la chungwa, au tezi kwapani.

Ukifika huko utasikia sentensi ambayo nimeisikia ikiwaumiza wanawake: "Ah, ni kovu tu la upasuaji." Huenda ni kweli. Lakini anayesema hivyo anapaswa kuwa ameshika titi, ameona picha, na ikibidi amechukua kinyama. Hayo matatu ndiyo uchunguzi kamili. Omba kwa adabu na usiondoke: "Daktari, naomba tupate picha ili tuwe na uhakika wote wawili." Kwa wanawake wadogo huanzwa na altrasaundi; kwa waliofika umri wa miaka 40 na kuendelea mamogramu, yaani eksirei ya matiti, huongezwa.

Kabla ya mamogramu, mwambie mpiga picha kwamba ulipunguzwa matiti, mwaka gani, na muonyeshe makovu. Picha itaonyesha mistari ya makovu, vifuko vya mafuta na chembe za chokaa ambazo ni za kawaida kwetu, na msomaji asiyejua historia anaweza kukuitia baiopsi, yaani kuchukuliwa kinyama, isiyo ya lazima. Kwa aliyefika umri wa kupimwa, picha ya kwanza baada ya miezi 6 hadi 12 tangu upasuaji inakuwa ya kulinganishia. Chukua nakala, iwe kwenye diski au filamu, na uende nayo kila safari.

Kupunguzwa nyama hupunguza kiasi uwezekano wa saratani, lakini nyama iliyobaki ni ileile. Mama au dada yako akiwa ameugua saratani ya matiti, mweleze daktari, maana ratiba yako inaweza kuanza mapema. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Saratani Ocean Road, na kila Oktoba, mwezi wa uhamasishaji, hospitali nyingi za Tanzania na Kenya hupima matiti bure au kwa punguzo. Nenda na bahasha yako.

Hatua ya 5: Kama unatarajia kunyonyesha, anza kujipanga ukiwa na ujauzito

Tuanze na jibu fupi: wengi huweza kutoa maziwa kiasi, baadhi huweza kumtosheleza mtoto, baadhi hawawezi. Kinachoamua zaidi ni ile nyama iliyo nyuma ya chuchu. Ikibaki imeungana na chuchu, mirija na mishipa iliyobaki inafanya kazi. Chuchu iliyotolewa kabisa na kupandikizwa imetengana na mirija, na hapo matumaini ni madogo sana. Ndiyo maana taarifa ya upasuaji inahitajika kliniki ya wajawazito kabla ya wiki za mwisho, na si siku mtoto analia kwa njaa. Jambo jema ni kwamba mishipa hurudi kiasi kadiri miaka inavyopita, na kila ujauzito huongeza nyama ya maziwa, hivyo mtoto wa pili huweza kukuta maziwa mengi kuliko wa kwanza.

Mtoto awekwe kifuani ndani ya saa ya kwanza, na anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, matiti yote mawili. Kati ya siku ya 2 na ya 4 maziwa yakishuka, unaweza kuona sehemu moja ya titi imejaa na kuwa gumu huku haitoi chochote. Hiyo ni sehemu iliyokatwa mrija. Weka kitambaa cha baridi, usiikande kwa nguvu. Baada ya siku kadhaa mwili wenyewe hukausha maziwa ya hapo. Ukipata homa, wekundu na maumivu makali, hiyo ni hali nyingine na inahitaji matibabu.

Sasa macho yote yawe kwa mtoto. Titi kutoa matone si ushahidi kwamba ameshiba, na mtoto anayelala sana si lazima awe ametulia. Anaweza kuwa amechoka kwa kukosa chakula. Hesabu nepi: kuanzia siku ya 5 tarajia nepi 6 au zaidi zilizolowa mkojo ndani ya saa 24, na choo kilichogeuka njano. Mpime uzito. Akipungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, au akifika wiki 2 bila kuurudia, apate nyongeza siku hiyohiyo. Mdomo mkavu, macho ya njano yanayozidi, mkojo mchache wenye rangi ya matofali, au mtoto asiyeamka kunyonya: nenda hospitali hata kama ni usiku.

Nyongeza haimaanishi umeshindwa. Anza na titi, kisha ongeza maziwa uliyokamua, na kisha ya kopo kadiri mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Kuna kirija chembamba kinachobandikwa karibu na chuchu, ncha moja kwenye kikombe cha maziwa, mtoto akanyonya titi huku akipata nyongeza. Kinasaidia kuamsha maziwa na kumzoesha mtoto kifua. Kikombe kinatosha pia na ni rahisi kukiosha kuliko chupa. Kama unaishi na VVU, zungumza na kliniki yako kabla ya kuchanganya, ili dawa na ulishaji viende pamoja. Dawa za kuongeza maziwa zipo, lakini baadhi hazifai kwa wenye matatizo ya moyo, hivyo usinunue kwa kuelekezwa na jirani.

Uji wa pilipili manga na supu ya pweza ni chakula kizuri kwa mzazi, kunywa kwa raha zako. Haviungi mrija uliokatwa, na usikubali kusukumiwa lawama kwamba hukunywa vya kutosha. Nyumba nyingi maneno huanzia hapo: "Maziwa umeyaacha hospitali." Jibu linaloheshimu na kufunga mjadala ni kadi ya kliniki. "Mama, shikamoo, hebu tazama hapa: mwezi uliopita kilo 4, leo kilo 5. Mjukuu wako ananyonya na anaongezewa, anakua." Mama mkwe wengi wakishaona mstari unapanda huwa watetezi wako wakubwa.

Hatua ya 6: Sidiria, jasho na mkunjo wa chini

Usinunue sidiria nyingi kabla ya miezi 6, kwa kuwa umbo bado linatulia. Kisha jipime upya kwa futi ya fundi: mara moja chini ya matiti, mara moja juu ya chuchu. Mkanda wa kuzunguka mgongo ndio unaopaswa kubeba uzito. Mikanda ya mabegani ni ya kusaidia tu, na ukiivuta sana unaichimbua tena ile mifereji ya mabegani uliyohangaika nayo miaka yote. Mifereji hiyo hujaa kiasi, ila kwa aliyekuwa nayo tangu ujana alama hubaki. Sidiria ya waya ikikaa juu ya kovu lililoinuka, iache. Za mtumba ni nzuri kama mpira wa mgongoni bado unarudi ukiuvuta. Umekwisha, usichukue hata kama kitambaa ni kipya.

Vipele vya mkunjo hupungua sana baada ya upasuaji, lakini mwezi wa joto huweza kurudi. Kausha kwa kitambaa laini kwa kudonoa, si kusugua, na lala bila sidiria. Fangasi wakishika, krimu ya klotrimazoli hutumika kwa wiki 2 au zaidi, na uendelee siku kadhaa baada ya wekundu kuisha. Wakirudi kila mara, pima sukari.

Hatua ya 7: Ufundishe mgongo kwamba mzigo haupo

Mwili uliozoea kuinama haunyooki kwa sababu tu mzigo umetolewa. Mabega hubaki mbele, shingo nayo inaendelea kuuma. Mazoezi mawili yanatosha kuanzia. Simama kwenye fremu ya mlango, mikono imeshika pande zote, songa mbele mpaka kifua kivutike. Shikilia sekunde 30, mara 3. Pili, egemea ukuta, visigino karibu, mgongo na kichwa vikigusa, panua mikono na uipandishe taratibu bila kuachia ukuta. Fanya kila siku, kidonda kikiwa kimeshapona kabisa. Kama baada ya mwaka shingo bado inauma, au mkono unakufa ganzi, chanzo kinaweza kuwa pingili za shingo. Onana na mtaalamu wa fiziotherapia, usilaumu matiti yasiyokuwepo tena.

Hatua ya 8: Yakianza kukua au kushuka

Ukinenepa, yanenepa, ukipungua sana, ngozi inalegea. Ujauzito, baadhi ya njia za uzazi wa mpango zenye homoni na kipindi cha kukoma hedhi vyote huyabadilisha. Aliyefanyiwa akiwa binti mdogo ana uwezekano zaidi wa kuyaona yakirudi. Kuna pia hali ya nyama kushukia chini huku chuchu ikibaki juu inatazama angani. Hiyo ni uzito na muda, haina hatari.

Titi moja kukua peke yake kwa haraka ni jambo la daktari, mara moja. Ukubwa unaoongezeka pande zote mbili pole pole unaweza kusubiri. Ukifikiria upasuaji wa pili, ngoja angalau mwaka mmoja, uzito uwe umetulia, na umemaliza kuzaa kama inawezekana. Daktari wa safari ya pili lazima ajue damu ya chuchu inapita upande gani. Akiukata upande huo, chuchu inaweza kufa. Daktari anayesema hahitaji taarifa ya upasuaji wa kwanza, tafuta mwingine. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ina huduma ya upasuaji rekebishi, na hospitali kubwa za Nairobi pia.

Hatua ya 9: Binti yako akianza kuinamisha mabega

Matiti makubwa hurithiwa, na mama aliyepunguzwa ndiye mwenye jicho la kwanza la kuona. Atavaa sweta juani, ataacha netiboli, atabeba begi kifuani. Usingoje akuambie. Mpeleke akapimwe sidiria inayomfaa na nyingine ya michezo inayobana vizuri. Hiyo peke yake inaweza kumrudisha uwanjani. Komesha utani nyumbani, hata wa shangazi anayempenda. Kuhusu upasuaji, kwa kawaida husubiriwa mpaka ukuaji ukome, saizi ikiwa haijabadilika kwa mwaka au zaidi, isipokuwa mateso yakiwa makubwa mno. Siku mkienda kwa daktari, muulizeni mbele ya binti mwenyewe ni njia gani ya kuhamisha chuchu atakayotumia na inaacha nafasi gani ya kunyonyesha, kisha binti apewe muda wa kurudi nyumbani kulifikiria jibu hilo kabla ya kusaini.